Kutoka Hagley hadi Lincoln: Safari ya wiki mbili katika nyayo za Edward Lyttelton

Nimerudi Korogwe wiki tatu zilizopita nikiwa na daftari lililojaa, picha mia nne hivi kwenye simu, na bahasha ya tiketi za treni ambazo sikuitupa hata moja. Kutokana na hivyo vitatu nimeiunga upya safari yangu ya Juni, siku baada ya siku, kwa ajili ya wasomaji walionitaka niandike na kwa ajili ya yeyote atakayependa kupita njia hiyohiyo.

Mtu niliyemfuata ni Edward Lyttelton, aliyezaliwa Westminster tarehe 23 Julai 1855 na kufariki Lincoln mwezi Januari 1942. Ujanani alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa kriketi nchini Uingereza. Baadaye akawa kasisi, na sehemu kubwa ya maisha yake akawa mwalimu. Nilikutana na jina lake nilipokuwa nikiandaa somo kuhusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Nilitaka kuwaonyesha wanachuo wangu jinsi vita hivyo vilivyopokewa huko vilikotoka, na ndipo niliposoma habari za mkuu wa shule aliyehubiri, Wajerumani wakiwa bado wanapigana na nchi yake, kwamba amri ya kumpenda adui haiahirishwi hadi vita viishe. Mimi ni mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu na mjukuu wa katekista aliyesomeshwa katika kituo cha misheni cha Magila. Tangu siku ile niliona kwamba mtu huyu ananihusu.

Jumapili: Hagley

Mwenyeji wangu alikuwa mdogo wangu wa kike, muuguzi wa miaka mingi mjini Leicester, ambaye alinifungia chapati nne na mayai ya kuchemsha kwenye karatasi ya fedha akisema, "Kaka, chakula cha njiani huku kitakumaliza kabla ya nauli." Alisema kweli. Pauni moja ilikuwa inanigharimu zaidi ya shilingi 3,300 za kwetu, na mkate mmoja wenye nyama kituoni ulikuwa karibu pauni tano.

Jambo la kwanza nililofanya, na ambalo namshauri kila mzee mwenzangu alifanye, ni kununua kadi ya punguzo ya reli kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Haihitaji uwe raia. Pasipoti yatosha kuthibitisha umri, na theluthi moja ya nauli huondolewa katika safari nyingi. Yangu ilirudisha gharama yake kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Kutoka Leicester nilikwenda Birmingham, nikatembea kwa miguu kutoka kituo kikuu hadi kituo cha Moor Street, na huko nikakuta tangazo kwamba reli iko katika matengenezo na sehemu ya njia itahudumiwa na basi. Mnaotaka kusafiri Jumapili, angalieni ratiba usiku wa kuamkia, kwa maana siku hiyo ndiyo mafundi wa reli hufanya kazi. Nilifika Hagley nikiwa nimechelewa saa moja na nusu, na ibada niliyoikusudia ilikuwa imekwisha.

Kijiji na kanisa vimetenganishwa na barabara kuu yenye magari ya kasi. Nilisimama ukingoni kwa muda hadi mzee mmoja mwenye mbwa aliponiona, akaniuliza ninakokwenda, akanivusha na kunisindikiza hadi lango la kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ingawa yeye alikuwa akielekea upande mwingine. Ndani walikuwa bado wanakunywa chai. Akina mama wawili walinipa kikombe na kipande cha keki ya limau, na waliposikia nimetoka Tanzania kwa ajili ya mtoto wa nyumba ile iliyo jirani, mmoja aliketi nami karibu nusu saa.

Nyumba ile ni Hagley Hall, jumba la mawe lililokamilika mwaka 1760 na ambalo hadi leo ni la ukoo wa Lyttelton. Huwezi kuingia kwa kupiga hodi. Hufunguliwa siku maalumu tu, na lazima uandikishe nafasi mapema. Kanisa, hata hivyo, liko ndani ya bustani yake, na ukisimama mlangoni unauona uwanja wa nyasi ambapo watoto wa nyumba ile walikulia.

Nao walikuwa wengi. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa Lord Lyttelton wa nne, alizaa watoto kumi na wawili na mke wake wa kwanza, Mary Glynne, kisha watatu na mke wa pili. Mary alikuwa dada wa mke wa William Gladstone, yule aliyekuwa Waziri Mkuu mara nne, na alifariki mwaka 1857 Edward akiwa na miaka miwili. Wavulana walikuwa wanane, Edward akiwa wa saba. Mwezi Agosti 1867 ukoo huu uliunda timu kamili ya kriketi, yaani baba, wana wanane na baba wadogo wawili, ikacheza na shule ya Bromsgrove na kushinda. Edward alikuwa na miaka 12. Nilijaribu kuiona siku ile: mzee akiwa na wanawe wote uwanjani, na yule mama hayupo.

Husimuliwa kwamba Edward, hata alipokuwa kasisi, hakuweza kupita njia ya katikati ya kanisa lolote bila kuwazia mpira wa kriketi anaourusha kuelekea madhabahuni, akijiuliza kama sakafu ile ingeufanya upinde baada ya kudunda. Kuanzia Hagley nilijiwekea desturi ya kuitazama sakafu ya kila kanisa. Ya Hagley ni sawa kabisa.

Jumanne: Cambridge

Treni ya moja kwa moja kutoka Leicester huchukua muda usiofika saa mbili, na mvua ilinyesha njia nzima. Kuingia Chuo cha Trinity, alikosoma Lyttelton, nililipa pauni tano. Ua wake mkubwa ni mzuri mno, lakini kwangu jengo la maana zaidi mjini lilikuwa Senate House, hatua chache kutoka hapo, ambako sikuruhusiwa kupita zaidi ya uzio. Humo ndani, tarehe 4 Desemba 1857, Livingstone alizungumza na wanachuo kuhusu Afrika, na kutokana na wito ule ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu iliyojenga Unguja, Magila, Masasi na Likoma. Babu yangu alijifunza kusoma kwa sababu ya mchana ule. Nilisimama pale chini ya mwavuli wa kuazima hadi viatu vikaloa.

Mchana nilikwenda Fenner's, uwanja ambao Chuo Kikuu kimechezea kriketi tangu 1848. Hapakuwa na mchezo, na lango lilikuwa limefungwa, lakini mtunza nyasi alikuja kunisikiliza. Nilimwambia kwamba utotoni Tanga nilikuwa nikikaa juu ya ukuta kuwatazama Wahindi wenye maduka wakicheza kriketi Jumapili, na kwamba hesabu za mchezo nilifundishwa na fundi cherehani wao mmoja. Akafungua. Alinionyesha ile sehemu ya katikati, yadi 22 za nyasi zilizokatwa karibu na udongo, akaninyooshea kidole zinaposimikwa wiketi, vile vijiti vitatu ambavyo mrushaji huvilenga, na hakutaka hata senti.

Hapa Lyttelton alicheza miaka minne, 1875 hadi 1878, na mwaka wa mwisho alikuwa nahodha. Timu ile ya 1878 ilicheza michezo minane na kushinda yote minane. Ndani yake walikuwamo mdogo wake Alfred, aliyesimama nyuma ya wiketi, na A. G. Steel, na Ivo Bligh. Alfred huyu ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1903 hadi 1905, na ni wakati wake ambapo nchi ambayo leo ni Kenya ilihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje na kuwekwa chini ya ofisi yake. Ndugu wawili waliolelewa nyasi moja, mmoja akaenda kutawala nchi za watu na mwingine akaenda kufundisha watoto.

Jumatano: Lord's, London

Jijini London nilipokelewa na shangazi wa mke wangu, mwenyeji wa Pangani, anayeishi mashariki ya jiji. Usiku wa kwanza alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na tangu hapo sikulalamikia chakula.

Uwanja wa kriketi wa Lord's uko karibu na kituo cha St John's Wood. Ziara ya kuongozwa ilinigharimu takriban pauni 30, pesa nyingi kwa mstaafu, lakini sikuzijutia. Siku za mechi kubwa ziara hazifanyiki, kwa hiyo tazameni kalenda kwanza.

Ni katika uwanja huu ambapo Edward Lyttelton alifanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya akiwa na gongo mkononi. Timu ya Waaustralia ilikuwa imekuja Uingereza mwaka 1878 na kuwatia hofu wenyeji. Warushaji wao waliwaangusha watu kwa makundi. Mwezi Juni, akiichezea timu ya Middlesex, Lyttelton alipata mikimbio 113, yaani alama za mpigaji, dhidi yao, na hakuna Mwingereza mwingine aliyefikisha mia moja mbele ya Waaustralia hao katika msimu ule wote. Mwezi mmoja baadaye alirudi hapohapo akiwaongoza wanachuo wa Cambridge, na wakawashinda Waaustralia kwa inningi nzima na mikimbio 72, maana yake Waaustralia walipiga zamu zao mbili na bado hawakufikia hesabu ambayo wanachuo waliipata kwa zamu moja. Mwezi Machi mwaka huohuo alikuwa ameichezea Uingereza mpira wa miguu dhidi ya Scotland mjini Glasgow, wakafungwa 7 kwa 2. Wakati huo hakuwa ametimiza miaka 23.

Katika makumbusho ya uwanja nilikiona kile kichupa cha udongo kiitwacho The Ashes, yaani Majivu, ambacho Uingereza na Australia hukishindania kwa jina. Ni kidogo kiasi kwamba ungekifunika kwa kiganja. Aliyekileta kutoka Australia ni yuleyule Ivo Bligh wa timu ya Cambridge. Kijana mwongozaji wetu alijua yote kuhusu Bligh, na nilipomtajia nahodha wao alitabasamu akasema ni mara ya kwanza mgeni kumuuliza habari zake. Aliniacha nikae peke yangu dakika kumi kwenye viti vya juu baada ya kundi kuondoka.

Alhamisi: Haileybury

Treni ya kutoka Liverpool Street hadi Hertford, kisha teksi ya pauni 14 kwa sababu basi lilikuwa limeondoka. Shule ya Haileybury ilikuwa katika vipindi, nami sikuwa na miadi, hivyo niliitazama kutoka barabarani: ukuta mrefu mweupe wenye nguzo, na kuba la kanisa nyuma yake. Majengo haya yalijengwa kwa ajili ya kuwafunza makarani wa Kampuni ya India Mashariki, na shule ya sasa ilianza humo mwaka 1862.

Lyttelton aliwahi kufundisha katika shule za Wellington na Eton, akapata ushemasi mwaka 1884 na ukasisi 1886, kisha akaja hapa kuwa mkuu akiwa na miaka 35. Alikaa miaka kumi na mitano. Kati ya wavulana waliopita mikononi mwake ni Clement Attlee, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1945 hadi 1951. Kwetu Attlee si mgeni: serikali yake ndiyo iliyoiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, na ni yenyewe iliyoleta mpango wa karanga wa Kongwa na Nachingwea. Nilikula chapati ya mwisho kwenye benchi la kituo cha basi, nikarudi.

Ijumaa: Eton

Ziara za Eton hufanyika siku chache tu katika msimu, na nafasi yangu nilikuwa nimeiandikisha miezi miwili kabla, nikiwa bado Korogwe. Kutoka Paddington unabadilisha treni Slough, unashuka Windsor chini ya ngome ya mfalme, halafu unavuka Mto Thames kwa daraja la waenda kwa miguu. Barabara ya mbele imejaa maduka ya nguo za shule, na wavulana wenye makoti meusi marefu walinipisha njiani kwa adabu.

Lyttelton aliijua shule hii kuliko nyingine yoyote. Alisoma hapa, akawa nahodha wa timu yake mwaka 1874, akafundisha hapa, na mwaka 1905 akarudi kuwa mkuu. Alikuwa mtu wa mazoea yake mwenyewe, asiyekula nyama na mwenye kuamini sana hewa safi. Aliandika pia kwamba wazazi wawaeleze watoto wao habari za mwili wazi na mapema, jambo ambalo wazazi wengi wa zama zake walilionea aibu.

Kisha vikaja vita. Chini ya baraza la nguzo katika ua wa shule kuna majina ya wanafunzi wa Eton waliokufa kati ya 1914 na 1918. Ni zaidi ya 1,100. Mwongozaji wetu, mama wa makamo, alisimama akatuacha tusome kimya, nami nikaanza kuhesabu majina ya ukoo mmoja yanayojirudia, kaka na mdogo wake, hadi nikaacha. Lyttelton aliwafahamu wengi wao. Katika mkutano wa asubuhi alikuwa akisimama mbele ya vijana ambao ndugu zao walikuwa wanakufa Ufaransa, na wao wenyewe walikuwa wanangoja kutimiza umri.

Ni lazima kuyaweka majina haya moyoni kwanza ndipo uelewe alichokifanya, na pia ndipo uelewe hasira aliyoiamsha. Nilipokuwa nikimsoma nyumbani niliwaona waliomkasirikia kuwa watu wa chuki tu. Chini ya baraza lile niliona kwamba wengi wao walikuwa wazazi.

Kanisa la shule lina picha za ukutani za karne ya 15 zilizofunikwa kwa chokaa na kufichuliwa tena baadaye. Sakafu ya katikati ni ndefu na laini, na mpira ungekwenda moja kwa moja.

Ushauri: kuleni Windsor upande wa kituo na si karibu na ngome. Nililipa pauni 19 kwa samaki na viazi mahali penye mwonekano wa kuta, na siku nyingine ningelipa nusu yake mtaa wa pili.

Jumatatu: Westminster, Trafalgar Square, Chelsea

Jumamosi na Jumapili nilipumzika, nikafua nguo na kusali na Watanzania wenzangu. Jumatatu nilifika mapema katika kanisa la Mtakatifu Margaret, lililo ubavuni mwa Westminster Abbey. Wageni wote walikuwa wamejipanga kwa ajili ya Abbey, na kuingia huku ni bure, hivyo nilikaa karibu peke yangu.

Hapa, tarehe 25 Machi 1915, katika Kwaresima, Lyttelton alipanda mimbari. Miezi minne na nusu ilikuwa imepita tangu maiti za Wahindi, Waingereza, Wajerumani na askari Waafrika zizikwe Tanga. Alihubiri juu ya kuwapenda adui, na hakuishia kwenye maneno laini ambayo kila mtu angeyaitikia Amina. Alisema kwamba amani itakayofuata lazima iwe ya haki hata kwa Ujerumani, na kwamba Uingereza ikitaka Mfereji wa Kiel, njia ya meli ya Wajerumani, usimamiwe na mataifa yote, basi nayo iwe tayari kuiweka Gibraltar, ngome yake mlangoni mwa Bahari ya Mediterania, katika hali hiyohiyo. Maana yake ilikuwa nyepesi: usimdai jirani kile usichokuwa tayari kukitoa wewe. Magazeti yaliwaka moto. Waliosoma Eton na wazazi wakamwandikia kwa ukali. Hakudumu, mwaka uliofuata alijiuzulu.

Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, na najua jinsi mwalimu anavyoweza kuisema kweli ya jumla kwa usalama kabisa. Unaweza kumwambia mtoto "tenda haki" kila asubuhi na hakuna atakayekulaumu. Ni pale unapotaja shamba la nani na mpaka wa nani ndipo kiti kinapoanza kutikisika. Lyttelton alitaja. Sidhani kwamba alikosea kuutumia mfano ule, ingawa wapo wanaosema laiti angenyamaza kuhusu Gibraltar angebaki mkuu wa Eton. Angebaki, na mahubiri yale yangesahauliwa jioni ileile.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika kumi na tano hadi St Martin-in-the-Fields, pembeni mwa Trafalgar Square. Aliyekuwa mkuu wa shule maarufu kuliko zote nchini alikuja hapa mwaka 1916, akiwa na miaka 61, kuwa kasisi msaidizi. Kasisi kiongozi wake, Dick Sheppard, alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na tano. Sheppard alikuwa ameufungua mlango wa kanisa kwa askari waliokuwa wakipita kwenda na kutoka vitani, wapate mahali pa kupumzika, na nadhani Lyttelton alifanya kazi yake hapo kati ya watu haohao. Hadi leo kanisa hili linahudumia wasio na makazi. Katika mgahawa ulio chini ya kanisa, kwenye vyumba vya kuba vyenye mawe ya makaburi sakafuni, supu na mkate viligharimu pauni nane hivi, na kijana aliyenihudumia aliniongezea mkate bila kuombwa.

Jioni nilikwenda King's Road, Chelsea, kutafuta mahali palipokuwa Chuo cha Whitelands. Majengo yale hayapo tena. Chuo kilihama miaka ya 1930, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Roehampton. Kilianzishwa mwaka 1841 kuwafunza wasichana ualimu, na Lyttelton alikuwa deani wake kuanzia 1920 hadi 1929. Wanaoandika habari zake hupita hapa kwa mstari mmoja, kana kwamba baada ya Eton hapakuwa na kitu. Nilisimama barabarani pale, magari yakipita, nikawaza wasichana wa miaka tisa ile ya mafunzo: kila mmoja akaenda kwenye darasa lake katika mtaa au kijiji fulani, na kila darasa lilikuwa na watoto arobaini au hamsini. Kama ningeulizwa ni wapi mtu huyu alifikisha alichokuwa nacho kwa watoto wengi zaidi, ningepataja hapa.

Jumatano: Cromer na Sidestrand, Norfolk

Siku ndefu ya treni: Leicester, Peterborough, Ely, Norwich, halafu treni ndogo ya pwani hadi Cromer. Huko Ely treni ilichelewa dakika hamsini, na abiria mmoja mwanafunzi alinisaidia kuomba kwa simu nirudishiwe sehemu ya nauli yangu. Ni haki ya kila abiria treni ikichelewa, lakini lazima uombe mwenyewe, kwa hiyo tunzeni tiketi.

Cromer ni mji wa kaa. Wavuvi huwatega karibu na ufuko, na huletwa mezani wakiwa katika gamba lao, nyama nyeupe upande mmoja na ya kahawia upande mwingine. Nililipa pauni 14, na kwa kaa wale nisingepunguza hata shilingi. Chumba cha kulala kilikuwa pauni 60 pamoja na kifungua kinywa.

Asubuhi nilitembea juu ya majabali hadi Overstrand, ambako alizikwa Thomas Fowell Buxton, aliyeongoza mapambano katika Bunge la Uingereza hadi sheria ya kukomesha utumwa ikapita mwaka 1833. Nikasonga mbele hadi Sidestrand. Lyttelton alikuwa kasisi wa kijiji hiki kuanzia 1918 hadi 1920. Ni nyumba chache, mashamba ya shayiri, na kanisa lenye mnara wa duara. Kanisa hili lilihamishwa kutoka ukingoni miaka ya 1880 kwa sababu bahari ilikuwa inaila ardhi. Mnara wa zamani uliachwa peke yake juu ya jabali hadi ulipoanguka mwaka 1916, mwaka uleule aliojiuzulu. Nimeona Pangani jinsi bahari inavyochukua minazi mmojammoja, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa.

Mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Kanisa ni dogo mno. Kutoka mlangoni hadi madhabahuni zile yadi 22 zingekula karibu nafasi yote. Nilisoma Mathayo 5 kwa Kiswahili, kwa sauti, kutoka Biblia ya mfukoni.

Nilipotoka basi lilikuwa limepita na lijalo lilikuwa baada ya saa moja. Mama mmoja mwenye gari la shamba alisimama, akahamisha ndoo na mbwa, akanirudisha Cromer hadi mlango wa kituo. Nilipompa pauni tano za mafuta alizirudisha mfukoni mwangu. Wanaokwenda bila gari wachukue ratiba ya mabasi ya pwani Cromer kabla ya kuondoka, kwani simu yangu haikushika mtandao Sidestrand.

Ijumaa: Lincoln

Treni ya moja kwa moja kutoka Leicester. Kanisa kuu liko juu ya kilima, na barabara ya kupandia inaitwa Mlima Mkali, na ni mkali kwelikweli. Mwenye magoti kama yangu atumie basi dogo linalotoka mjini.

Lyttelton aliishia katika mji huu, tarehe 26 Januari 1942, akiwa na miaka 86. Uingereza ilikuwa tena vitani na Ujerumani.

Kuingia mchana ni kwa kiingilio, lakini sala ya jioni ni bure kwa kila mtu, na kwaya huimba karibu kila siku. Nilifika saa moja kabla. Viti vilikuwa vimeondolewa katikati, na sakafu yote ilikuwa wazi kutoka mlango wa magharibi, kati ya nguzo za mawe meusi. Nilisimama pale muda mrefu kiasi kwamba mzee mmoja wa kujitolea, mwenye kitambaa cha kijani begani, alikuja kuniuliza kama nimepotewa na kitu. Nikamweleza yote: Hagley, mikimbio 113, Gibraltar, Whitelands, na ule mpira wa mawazo.

Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanishika kiwiko, tukatembea polepole kuelekea mashariki, akahesabu hatua kwa sauti ya chini, akasimama. Kulikuwa na jiwe moja lililozama kidogo upande wa kushoto, limelainishwa na miguu ya watu. Akaligusa kwa ncha ya kiatu chake. "Hapa," akasema, "ungepinda."

Kengele ya sala ikalia, naye akanitafutia kiti cha mbele.